Simu Iliyoajiriwa Kugonga Kengele

Tap, kwaru. Tap, kwaru.

Hiyo ndiyo sauti ambayo Mzee Ringi angeisikia hata kama angezibwa masikio kwa pamba: kisigino kimoja kinatua kwenye changarawe, na mguu wa pili unakuja nyuma yake ukijikokota, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Aliisikia kwa mara ya kwanza asubuhi moja, miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa amesimama kwenye baraza ya shule na nondo mkononi, amebakiza pumzi moja tu agonge. Mkono ukabaki hewani. Mwenye mguu alikuwa mkewe, na alikuwa bado yuko nje ya geti.

Mzee Ringi si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watoto wa shule, kwa sababu kengele ya shule ile haikuwa kengele, ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ya baraza, na yeye ndiye aliyekuwa akiigonga. Aliigonga miaka thelathini na mmoja. Mapigo matatu ya kuingia, mawili ya mapumziko, moja refu la kwenda nyumbani, ambalo watoto walidai hulisikia tumboni kabla ya masikioni. Katikati ya mapigo alifungua madirisha, alijaza mapipa ya maji, aligawa chaki na kuwafukuza kuku wa majirani. Lakini hayo yalikuwa mambo ya mikono tu. Moyo wake ulikuwa kwenye ringi.

Mkewe alifundisha darasa la kwanza katika shule hiyohiyo. Mzee Ringi alimwita Mwalimu hata nyumbani, hata wakigombana, na hasa wakigombana. Mwaka ule wa ajali, Mwalimu alipanda juu ya dawati kutundika chati ya alfabeti, na mguu wa dawati ukavunjika, na wa kwake pia. Dawati lilitengenezwa siku ileile. Yeye alikaa kwenye plasta wiki tisa. Plasta ilipotolewa, alitangaza kwamba amepona na kwamba hakuna kilichobadilika.

"Ni mguu tu," alisema. "Kichwa hakikuvunjika."

Akaendelea kutoka nyumbani saa moja na dakika kumi, kama zamani, kwa sababu safari ya kwenda shule ni ya dakika ishirini, na masomo huanza saa moja na nusu. Ila safari haikuwa tena ya dakika ishirini. Ilikuwa ya ishirini na nne. Kila mtu mwenye macho aliliona hilo, isipokuwa yeye aliyekuwa akitembea.

Mwalimu mkuu wa wakati ule walimu walimwita Wino Mwekundu. Aliyefika baada ya kengele alisaini daftari kwa kalamu nyekundu, na kalamu nyekundu tatu zilizaa barua ya onyo. Hakuwa na upendeleo. Siku moja alichelewa yeye mwenyewe, akasaini kwa wino mwekundu, na kwa kuwa ilikuwa mara yake ya tatu, akajiandikia barua ya onyo, akaijibu kwa heshima, na hakuridhika na majibu.

Mzee Ringi alijaribu njia za kawaida kwanza. Aliisogeza saa ya ukutani nyumbani dakika nne mbele. Jioni redio ikataja saa, Mwalimu akainua macho, akapanda kigoda kwa ule mguu wake na kuirudisha. "Saa yetu ina wazimu, baba watoto," alisema. Mara ya tatu aliifunga kwenye kanga na kuipeleka kwa fundi, ambaye aliifungua, akaitazama matumbo, na kuapa kwamba hajawahi kuona saa yenye akili timamu kama ile. Mzee akajitolea kumpakia kwenye baiskeli. Mwalimu akamwuliza tangu lini yeye amekuwa gunia. Kumwambia ukweli ndilo jambo ambalo hakulijaribu. Alishaona jinsi mkewe alivyokuwa akiutazama ule mguu asubuhi, wakati wa kuvaa viatu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyemtia aibu mbele za watu na bado anataka kumtetea.

Ikabaki ringi.

Tangu asubuhi ile, shule ilianza pale tu Mwalimu alipokalia kiti chake. Mzee alijua amekaa kwa sababu dirisha la darasa la kwanza alilifungua yeye mwenyewe kila alfajiri, na alilifungua kwa pembe ile inayoonyesha kiti. Akiona bega la mkewe limetulia, aligonga. Mwalimu hakuvaa saa ya mkononi, akisema mwalimu anayetazama saa huwafundisha watoto kutamani kwenda kwao. Simu yake ndogo ya vitufe ililala kwenye droo nyumbani. Kwa hiyo alichokijua ni kimoja: kila siku alikaa, akavuta pumzi, na kengele ikalia. Kwenye sebule yao kilining'inia cheti chenye fremu, Cheti cha Mwalimu Asiyechelewa, na hakuna mgeni aliyeketi kwenye nyumba ile akanyanyuka bila kuonyeshwa. Msumari wake aliugongelea Mzee Ringi. Anasema hajawahi kugonga kitu kwa woga namna ile.

Mtaa nao ukafuata. Mwokaji alitoa mikate yake kwa mapigo ya ringi, kinyozi alifungua kibanda kwa ringi, na polepole mtaa mzima ukawa dakika nne nyuma ya dunia, wala haukupungukiwa na kitu. Ikabaki miezi kumi na minne Mwalimu astaafu. Miezi kumi na minne tu, kisha kengele ingeruhusiwa kulia saa yoyote inayoipenda.

Ndipo akaja mwalimu mkuu mpya.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye saa ya mkononi ambayo alieleza kwamba inachukua wakati kutoka angani moja kwa moja. Siku ya kwanza alisimama barazani, akaitazama saa yake, akaitazama ringi, akaitazama tena saa yake. Hakukasirika. Alimwita Mzee ofisini, akampa kiti, na kumwambia kwamba ringi inachelewa dakika nne.

Mzee alisema chuma huwa kizito asubuhi, kwa sababu ya baridi.

Mwalimu mkuu aliliandika hilo. Wiki moja baadaye alimwita tena, akamweleza taratibu, kama daktari, kwamba shule itanunua simu ya kisasa, ya bei nafuu kwa sababu mfuko wa shule si mnene, itaungwa kwenye kipaza sauti na italia yenyewe kwa dakika kamili. Yeye atabaki na madirisha, maji, chaki na kuku. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliongeza, "Wewe ndiye unayeijua kazi, mzee. Nenda ukaitafute mwenyewe simu itakayoiweza."

Akamkabidhi bahasha. Si watu wengi waliowahi kutumwa kwenda kumchagua mrithi wao wakiwa wazima na bahasha mkononi. Mzee Ringi alivua kofia, akashukuru, akatoka nje na kusimama chini ya ringi kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuomba daftari stoo, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa: USAILI.

Duka la simu lilikuwa mtaa wa pili, na mwenye duka aliitwa Dada Chaji, kwa kuwa watu waliomletea simu kuchaji walikuwa wengi kuliko waliokuja kununua. Mzee alifika baada ya masomo, akaketi kwenye benchi, akafungua daftari na kumweleza kwamba anatafuta mtu wa kugonga kengele. Dada Chaji alisema yeye anauza simu. Mzee akasema ndiyo, hao hao.

Alikwenda siku tatu mfululizo. Dada Chaji alimpangia mezani simu tatu za bei ile, na yeye akazipa majina ili asizichanganye: Mnene, Mwembamba na Mpayukaji.

Mnene ilikuwa nzito kama mche wa sabuni. Betri yake ilikaa siku tatu bila chaji, na Mzee aliliheshimu jambo hilo, kwani yeye mwenyewe hajawahi kufika siku ya tatu bila kula. Lakini kamera yake iliwaona watu wote kama wamesimama ndani ya moshi, na kuamka ilikuwa kazi. Ukiigusa, ilifikiri kwanza. Mzee aliandika: *Mvumilivu. Mzito wa kuelewa. Inafaa kwa ulinzi.*

Mwembamba ilikuwa nzuri hata kinyozi wa jirani aliacha mteja na sabuni kidevuni akaja kuitazama. Ilikuwa na kamera tatu mgongoni. Mzee aliuliza za nini zote hizo, na Dada Chaji, ambaye hakupenda kumdanganya mtu mzima, aliinama na kumnong'oneza kwamba inayoona ni moja, zile mbili zimewekwa kwa ajili ya heshima. Chaji yake iliisha kabla ya saa sita mchana. Mzee aliandika: *Imekuja kazini kuonekana.*

Mpayukaji haikuwa nene wala nyembamba. Kioo chake kilikuwa na kiwi kwenye jua, na nafasi ya kuhifadhi mambo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ili iweke jipya ilibidi isahau la zamani.

"Hapo tunafanana," alisema Mzee.

Ila sauti ilikuwa nayo. Aliitia kwenye ndoo, akaipeleka ng'ambo ya barabara, akarudi na kusimama dukani huku ikilia, na mwokaji akatoka nje kuuliza nani amefiwa. Mzee aliijaribu kwa mikono yenye chaki, kwa mikono yenye maji, na mara moja, kwa bahati mbaya tu, kwa kuidondosha. Ilivumilia. Kasoro yake ni kwamba ilikataa kumtambua kwa kidole gumba. Miaka thelathini na mmoja ya nondo ilikuwa imemfuta alama zote za vidole, na kwa maoni ya simu, mtu yule hakuwepo. Wakajaribu sura. Sura iliikubali, na ikafunguka. Kisha ikamfungukia na kinyozi pia, ambaye hafanani na Mzee Ringi hata kidogo isipokuwa kwa upara.

Siku ya tatu ndipo alipouliza swali lililomleta.

"Binti yangu, saa moja na nusu ikifika, na huyu akaona kuna mtu bado yuko njiani, anafanyaje?"

"Inalia, mzee wangu."

"Hata ikimwona?"

"Hata ikimwona."

Mzee aliigeuza Mwembamba, akaitazama mgongoni. "Basi kamera tatu ni za nini," alisema, bila kuuliza.

Aliirudisha mezani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu cha aibu, kama hakuna inayochelewa. Si sana. Dakika nne hivi.

Dada Chaji alikuwa ameuza simu kwa miaka kumi na moja, na watu walishamwomba kila aina ya simu, hata isiyopokea wakwe, lakini hii ilikuwa mpya kwake. Aliangua kicheko, si kwa kumcheka. Akamwambia asihangaike kabisa, kwa sababu simu zote zinapotoka kiwandani huwa na haraka, sijui huko zinatengenezwa na watu gani, na yeye hawezi kumuuzia mteja kitu chenye haraka. Kila simu inayotoka kwenye duka lake huizimia saa ya mtandao na kuirudisha nyuma kwa mkono mpaka iende sawa na ringi ya shule.

"Dakika nne barabara," alisema. "Wateja walikuwa wananirudishia, mzee wangu. Wanasema saa mbovu."

Mzee Ringi aliishika Mpayukaji kwa mikono miwili. Aliifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, na akarudi shuleni akitembea kama mtu aliyebeba yai.

Simu iliripoti kazini Jumatatu. Iliwekwa kwenye kisanduku cha mbao barazani, waya ukapanda hadi kwenye kipaza sauti, na Mzee akaweka kigoda chini yake, kama msimamizi. Ringi ilining'inia pembeni, kimya, ikizungushwa na upepo ili itazame ukuta. Kulikuwa na shida moja ndogo. Simu haikuzaliwa na sauti ya kengele. Ilikuja na jogoo, na mvua, na mtoto anayecheka, na kengele ilibidi ipakuliwe. Zilizokuwa nzuri zilitaka malipo kila mwezi, na mwalimu mkuu hakutaka kusikia. Ya bure ilikuwepo, ila kwa kuwa ni ya bure, kabla ya kila mlio ilicheza kwanza tangazo la biashara la nusu dakika.

Basi Jumatatu hiyo shule nzima ilijipanga, na kipaza sauti kikakohoa, na sauti ya mwanamke mwenye furaha isiyo ya kawaida ikawauliza watoto mia nne kama wamechoka na nywele kavu. Kisha ikalia kengele. Waliingia. Wakati wa mapumziko wakaulizwa tena. Kufikia Jumatano walikuwa wanajibu kwa pamoja, na darasa la pili walilitia tangazo mwendo, wakawa wanaandamana kuingia darasani kwa mdundo wa mafuta ya nywele.

Lakini Mwalimu alikuwa anafika, anakaa, bega linatulia, na simu inalia. Siku nne mfululizo. Mzee Ringi alianza hata kuipangusa vumbi.

Alhamisi mchana mwalimu mkuu alisimama mbele ya kisanduku na saa yake ya angani. Aliuliza imekuwaje simu mpya ichelewe dakika nne, sawasawa na ringi. Mzee alisema labda bado inazoea mazingira. Mama yule alitabasamu, akaomba radhi, akaitoa simu kisandukuni na kuielekeza kwenye upara wa Mzee ili ifunguke. Akatelezesha kidole mara mbili, akabonyeza mahali, na zile dakika nne, ambazo zilikuwa zimelindwa miaka ishirini na miwili dhidi ya Wino Mwekundu, redio na fundi saa, zikatoweka bila hata kutoa mlio.

"Kesho itakuwa sawa," alisema.

Ijumaa asubuhi Mzee Ringi alimwamkia mkewe mara mbili. Alimpigia viatu brashi, akaviweka mlangoni, vikiwa vimetazama nje. Akajitolea kumbebea mkoba. Akasema ameota mvua itanyesha mapema na ingekuwa busara kutangulia kidogo. Mwalimu aliichungulia mbingu iliyokuwa tupu kama sahani iliyooshwa, akamwuliza kama anaumwa.

"Nitatoka saa yangu," alisema. "Miaka yote natoka saa yangu. Nimewahi kuchelewa?"

"Hujawahi, Mwalimu," alijibu Mzee, na akaenda zake kufungua madirisha.

Saa moja na nusu ilipokaribia, alikuwa amesimama chini ya kisanduku. Watoto walikuwa wamejipanga kila darasa mbele ya mlango wake. Mwalimu mkuu alikuwa barazani, macho kwenye kifundo cha mkono. Mzee alitazama geti. Hakuna mtu. Akasikiliza, na mbali, pale kwenye kibanda cha kinyozi, akaisikia. Tap, kwaru. Tap, kwaru. Dakika nne, wala hakukuwa na haja ya saa kutoka angani kumwambia.

Kipaza sauti kikakohoa. Yule mwanamke mwenye furaha akauliza kuhusu nywele.

Mzee aliitoa simu kisandukuni. Hakujua anataka kufanya nini. Alifikiria kuidondosha tena, akakumbuka kwamba huvumilia. Kwenye kioo, chupa ya mafuta ilikuwa inazunguka, na chini yake namba zilikuwa zinapungua: kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Na chini ya namba, kwa herufi ndogo, palikuwa na kitufe ambacho hajawahi kukiona, kwa sababu hajawahi kuwa na shida nacho: *Tazama zaidi.*

Akakibonyeza kwa kile kidole gumba kisichokuwepo.

Kengele haikulia. Badala yake mwanamume mwenye sauti nzito alianza kuwaeleza watoto mia nne kuhusu magodoro. Aliyaeleza nusu dakika. Namba zikapungua, kitufe kikatokea, Mzee akabonyeza. Ikaja rangi ya nyumba. Getini palitokea skafu ya Mwalimu. Ikaja dawa ya mende, na darasa la pili, waliokuwa wameshaanza kuandamana, wakasimama hatua moja hewani, hawajui mwendo wa mende ni upi. Mwalimu alipita bomba la maji. Ikaja chuo cha udereva.

"Mzee," alisema mwalimu mkuu, "kunani?"

"Inajitangaza," alisema Mzee Ringi. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka nyuma ya masikio.

Mwalimu mkuu alisogea, akainamia simu, akaitazama saa yake, akaitazama simu, na hakuwa na macho ya kutazama kitu kingine uwanjani. Ikaja bima ya mazishi, kwa kinanda cha polepole, na watoto wakavua kofia. Tap, kwaru, kwenye ngazi za darasa la kwanza: ngazi tatu, na ile ya kati ina ufa. Ikaja matangi ya maji. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akauliza kwa sauti kama yana dhamana, na tangazo, kama lililokuwa linamngoja, likamjibu kwamba yana dhamana ya miaka kumi. Dirishani kiti kilisogezwa. Bega likaingia kwenye pembe. Bega likatulia.

Mzee aliondoa kidole. Tangazo likamaliza maneno yake, na kengele ikalia, kali, ya bati, isiyo na aibu yoyote. Wakaingia.

Mwalimu mkuu alimchukua ofisini. Aliiweka simu katikati ya meza kama mtoto mtukutu, akauliza kama itakuwa hivi kila siku. Mzee alisema ukweli, kwamba kengele ya bure ndivyo ilivyo, hujui leo itataka kuuza nini. Mama yule alikuwa mtu wa hesabu. Alivuta karatasi, akaigawa safu mbili, akaandika na kusoma kwa sauti. Ringi inachelewa dakika nne. Simu, ikirekebishwa, inachelewa dakika nne. Ringi haitaki chaji. Ringi haina kioo. Ringi haimfungukii kinyozi. Alisita, akatafuta hata jambo moja la kuiandikia simu upande wake, akapata: inataja dhamana. Akaweka kalamu chini. Alikuwa na sura ya mtu aliyefuata njia sahihi hatua kwa hatua na kujikuta amefika jikoni kwa jirani.

"Irudishe dukani," alisema hatimaye. "Waandikie sababu, nami nitasaini. Na Jumatatu, mzee, gonga wewe. Jitahidi tu kuhusu hiyo baridi."

Jumamosi asubuhi barua iliandikwa sebuleni, na aliyeiandika ni Mwalimu, kwa sababu mwandiko wa Mzee haukuwa wa kupeleka mbele za watu. Alikaa mezani, chini ya cheti chake, kalamu mkononi, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda. Simu ilikuwa pembeni ndani ya leso. Nje mwokaji alikuwa anabishana na mtu kuhusu saa ngapi ni sasa.

Aliuliza habari ya betri, Mzee akasema ni ya wastani. Akauliza habari ya kioo, akasema kina kiwi. Akaandika nafasi ni ndogo, kamera si mbaya, sauti ni kubwa mno, matangazo yamezidi. Akacheka peke yake kidogo, akasema yale ya jana aliyasikia yote tangu kwa kinyozi, akadhani shule imeanza kuuza magodoro, na kwa kweli alitembea kwa shida kwa kicheko, ila bahati nzuri alikaa kengele ikalia, kama kawaida yake.

"Kama kawaida yako," alisema Mzee.

"Sasa baba watoto, hizi zote ni kasoro za kila simu ya bei hii. Dada Chaji atasema tulijua. Taja ile kubwa, ile iliyofanya isifae kwa kazi yako." Alishusha macho kwenye karatasi, kalamu tayari. "Niandike haiwezi nini?"

Mzee Ringi aliitazama leso. Akautazama ule mguu juu ya kigoda, kisigino cha kiatu kilicholiwa upande mmoja, soli aliyoibandika mwenyewe mara nyingi. Akavuta kiti karibu ili asilazimike kupaza sauti.

"Andika," alisema polepole, karibu na kunong'ona, "haijui kumsubiri mtu."